Fedha ya Kukosa Kazi na Jawabu Langu la Haraka



Mimi ni mtu wa Tanga kwa kuzaliwa, lakini Mwenyezi Mungu amenijaalia makazi hapa Ipagala, Dodoma, zaidi ya miaka ishirini sasa, nasomesha watoto Qur'ani na fiq'hi. Kazi ya mwalimu ni kuulizwa, na aulizwaye yampasa ajibu kwa elimu au anyamaze. Mimi nilijibu pasipo elimu, tena nyumbani kwangu, juu ya mali; na mali, kama mjuavyo, ndiyo mlango ambao wengi tulio wepesi wa kusali hukwama.

Nyinyi mlioko Pwani mnaijua Dodoma kwa jua na zabibu. Lakini tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, na majengo ya wizara yakaanza kuinuka Mtumba, mji huu umekuwa mji wa mchanga, kokoto na saruji. Kazi za ujenzi zikawa nyingi, na kazi za namna hiyo huja kama mvua za huku kwetu: hunyesha kwa nguvu, kisha mbingu hufunga. Mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu wa pili, alikuwa mtunza ghala katika kampuni moja ya ujenzi kwa miaka mitatu, kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Siku moja kampuni ikapunguza watu, naye akawamo. Hakuona kuwa ameonewa katika kupunguzwa kwenyewe. Angeona hivyo, njia ilikuwapo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya mtu aliyeachishwa kazi isivyo haki, muradi ayapeleke ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo kwa kulalamika barazani.

Ipo haki ambayo vijana huiita fao la kukosa ajira. Imeletwa na sheria ya mwaka 2018, baada ya mgogoro mrefu juu ya fao la kujitoa, lile ambalo sheria ilipolifuta mwaka 2012 wafanyakazi walipiga kelele, hasa wa migodini, hata Serikali ikarudi nyuma. Kwa sheria hii mpya, aliyepoteza kazi pasipo kuacha mwenyewe, naye amechangia miezi isiyopungua 18, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Asiyefikisha miezi hiyo hupewa nusu ya michango yake. Na malipo ya kila mwezi ni ya asiye na kazi: akipata kazi, yamekwisha.

Basi mkwe wangu akaenda kudai. Akaambiwa kwamba michango iliyofika kwa jina lake ni ya miezi 14. Miezi 14! Mtu aliyekatwa mshahara wake miezi 36! Kampuni ilikuwa ikikata sehemu yake kila mwisho wa mwezi na kuipeleka ipendapo. Ndugu msomaji, hii ni khiyana, wala sitatafuta neno laini zaidi. Sheria imempa mwajiri jukumu la kukusanya asilimia 20, ambayo walau nusu yake atoe yeye mwenyewe, na ile aliyomkata mfanyakazi haikuwa yake hata kwa usiku mmoja. Alikuwa mpitishaji tu.

Kilichomwokoa mkwe wangu ni binti yangu. Tangu walipooana alikuwa akihifadhi kila karatasi ya mshahara ya mumewe katika sanduku dogo la bati, lile alilopewa na bibi yake, pamoja na cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto. Mumewe alikuwa akimcheka. Zile karatasi 36 zilipowekwa mezani, hapakuwa na la kubishana. Hata hivyo kampuni ilivuta miguu, ikapita miezi miwili kabla haijaleta ilichozuia, na miezi miwili hiyo nyumba ile ilikula kwa vitumbua vya binti yangu, anavyokaanga tangu kabla ya alfajiri na kuviuza kando ya barabara. Kisha malipo yakaanza kuingia katika simu: shilingi 199,800 kila mwezi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi wa tano wa malipo ulipoanza, kijana akapata kazi kwa mkandarasi mwingine. Mwisho wa mwezi ule akaja kwangu baada ya Isha, akakaa ukingoni mwa mkeka, akasema, "Baba, nimeshaanza kazi, lakini ile fedha imeingia tena. Nifanyeje?" Nami nikamjibu upesi, "Mwanangu, hilo si jasho lako? Wamekuchelewesha miezi miwili mkala vitumbua. Kula." Akanyamaza, akanishukuru, akaenda. Na mwezi wa sita ikaingia nyingine.

Kwa nini nilijibu hivyo? Nimejihoji sana. Marehemu baba yangu alikuwa mchukuzi wa bandari ya Tanga, na zama zake kulikuwa na Akiba ya Wafanyakazi, ile NPF iliyoanza mwaka 1964. Jina lilisema kweli: ilikuwa akiba, kila mtu na chake, na siku yake ikifika huchukua kilichowekwa kwa jina lake pamoja na faida. Mimi nilikuwa bado na picha hiyo. Sikufahamu kwamba sheria ya mwaka 1997 iliigeuza Akiba ile kuwa hifadhi ya jamii, na kwamba hii fedha ya kukosa kazi hukadiriwa kwa mshahara wa mtu, si kwa kuchungulia kilichomo katika kibuyu chake. Watu wametia pamoja ili aliyeanguka ainuliwe. Aliyekwisha inuka akiendelea kuchota, anachota fungu la mwingine aliyeanguka, asiyemjua wala hatamwona.

Tena niliwachanganya wadhulumu. Aliyemdhulumu kijana ni kampuni, nami nikamhalalishia kulipiza kwa mali ya watu wengine.

Mkandarasi mpya alipopeleka michango, jina likaonekana pande mbili, la anayelipwa kwa kukosa kazi na la mwenye kazi. Barua ikaja: rudisha shilingi 599,400, malipo ya miezi mitatu. Nyumba nzima ikafadhaika. Kaka wa mkwe wangu akasema barua ichanwe, kwani fedha zilipokwisha ingia ni riziki. Kijana mwenyewe, kwa hofu, alitaka kukopa siku ileile alipe zote asifungwe.

Yote mawili niliyakataa, na hapa nilijitahidi nisiharakishe tena. Deni haliwi deni kwa kuandikwa tu katika karatasi yenye muhuri. Kanuni ya makadhi wetu ni kwamba anayedai ndiye aletaye ushahidi. Na makaratasi hukosea, hata ya mataifa makubwa. Huko Marekani, katika jimbo la Michigan, kati ya mwaka 2013 na 2015 waliiachia kompyuta ihukumu nani amejilipisha isivyo haki fedha ya kukosa kazi. Ikawatuhumu udanganyifu watu wapatao 40,000 kwa makosa, ikawadai warudishe na juu yake faini ya mara nne, wengine wakakatwa mishahara. Na ilipochunguzwa baadaye, hukumu zilizotolewa na mashine peke yake zilionekana kuwa na makosa kwa asilimia 93. Aliyelipa kwa hofu na aliyechana barua asijibu, wote walipotea.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ni ya deni na kuandikiana. Nimeisomesha miaka mingi, wala sikujua kuwa nitaihitaji mbele ya sanduku la bati.

Tukalifungua. Barua ilihesabu mwezi wa nne, wa tano na wa sita. Lakini mwezi wa nne kijana alitia saini mkataba tu. Vifaa vilichelewa, wala hakuna aliyeitwa kazini mpaka mwezi wa tano. Mkandarasi alikuwa amepeleka tarehe ya mkataba badala ya siku ya kuanza kazi. Binti yangu akatandaza karatasi ya kwanza ya mshahara mpya, akaweka kidole chake kwenye tarehe. Kisha akaniangalia, akasema kwa adabu, "Baba, miezi miwili ni deni. Mwezi mmoja si deni." Hakuongeza. Alikuwa amesikia jawabu langu la usiku ule.

Kijana akaenda na barua ya mkandarasi iliyosahihisha tarehe. Nilimwambia aanze kwa kukiri, kisha ndipo akane: aseme miezi miwili nilipokea sikustahiki, na mmoja huu hapa ushahidi wake. Aliogopa kwamba ukikiri kidogo utabebeshwa zote. Ilichukua majuma kadhaa ya kwenda na kurudi, na barua mpya ikaja: shilingi 399,600. Akaomba kulipa kidogo kidogo, akakubaliwa miezi minne, 99,900 kila mwezi.

Nikamwita, nikampa 99,900 za mwezi wa kwanza, kwani fetwa ilikuwa yangu. Akakataa kabisa, akasema haifai mkwe kulipiwa deni na baba mkwe. Binti yangu hakukataa. Alizihesabu, akazifunga katika ncha ya kanga yake, akaniuliza kama nataka stakabadhi.