Kimo cha Usukani

Wengi hudhani usukani wa chini ndio wa bingwa. Kweli, Nino Schurter wa Uswisi, mshindi wa Olimpiki ya 2016, alijulikana kwa kuufunga chini sana. Hivyo uzito hulielemea gurudumu la mbele, lisiinuke mlimani; lakini kwenye mteremko mkali mtu huweza kurushwa mbele.

Baiskeli yetu ya milimani ni moja, nasi tu wawili. Nipandapo mimi niliye mrefu, pete mbili za milimita 5 hukaa chini ya shingo ya usukani. Apandapo mwenzangu, hukaa juu yake. Kwanza skrubu ya juu hukazwa, kisha za ubavuni. Asiyepanda ndiye akazaye. Nikizembea, atakayeanguka ni yeye, wala si mimi.