Mwenye Kete Nyeusi



Wiki hii naomba mnivumilie, maana nitawasimulia habari za mchezo. Wengi wenu mmekwisha kuuona ubao wa sataranji barazani kwa mapadre, na baadhi mmeniuliza, kwa heshima lakini kwa mshangao, kama padre ana muda wa kucheza. Muda ni mdogo, na kwa miezi mitatu iliyopita huo mdogo nimeutumia kujifunza jambo moja tu: namna ya kujilinda ninapocheza kwa kete nyeusi.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, mwenye kete nyeupe ndiye aanzaye daima. Mwenye nyeusi hupokea. Hachagui vita ianzie wapi. Huchagua jibu tu. Mpinzani wangu ni mwalimu mstaafu, jirani wa parokia, na kila ashikapo nyeupe huanza vilevile: askari aliye mbele ya mfalme husogea miraba miwili, kisha hutoka farasi, kisha askofu huvuka ubao na kumkabili farasi wangu. Mwanzo huo huitwa wa Kihispania, na hujulikana pia kwa jina la Ruy López, padre wa Hispania aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1561. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu: kumbe kila jioni nilikuwa nikipigwa kwa silaha ya padre mwenzangu! Husimuliwa pia kwamba alishauri ubao uwekwe mahali ambapo jua litampiga mpinzani machoni. Upadre, ndugu zangu, hauondoi ubinadamu.

Nilichagua kujifunza ulinzi uitwao wa Berlin. Mweusi humjibu askofu yule kwa kumtoa farasi wake wa pili, naye farasi huyo humtishia askari mweupe wa katikati. Mapambano yakifuata njia yake kuu, kufikia hatua ya nane malkia wote wawili wamekwisha kutolewa ubaoni. Mfalme mweusi mwenyewe ndiye amlaye malkia wa adui, na kwa kusogea hivyo hupoteza kabisa haki ya kupishana na ngome na kujificha pembeni. Tena askari wake wawili hubaki wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine katika safu moja, jambo ambalo kila mwanafunzi hufundishwa kuliepuka. Ukiutazama ubao wakati huo utadhani mweusi ameharibikiwa.

Hata hivyo, mwaka 2000 mjini London, Vladimir Kramnik, kijana wa miaka 25, aliutumia ulinzi huu dhidi ya Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1985 na aliyeogopwa kwa mashambulizi yake. Mara nne Kasparov aliukabili ulinzi huo uliotulia, na mara zote nne mchezo uliishia sare. Katika michezo 15 hakushinda hata mmoja, na ubingwa ukamtoka kwa pointi 8.5 kwa 6.5. Watu wakauita ulinzi ule Ukuta wa Berlin.

Basi nami nikazikariri hatua zile kama mtoto akaririvyo majibu ya katekisimu. Jioni ya kwanza nikaketi kwa kujiamini. Katika hatua ya nne, badala ya kumficha mfalme wake kama nilivyotarajia, Mwalimu alisogeza askari mmoja, mraba mmoja tu. Nilichokariri kikaisha palepale. Baada ya kunishinda aliurudisha ubao nyuma, akamgusa farasi wangu, akauliza, "Padre, huyu ulimtoa kwa nini?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Hatua usiyoijua sababu yake si yako, umeiazima."

Ndipo nilipoanza kujifunza upya, nikiuliza sababu. Nikaelewa kwamba malkia wakiondoka, mfalme aliyesimama katikati hayumo tena katika hatari kubwa, bali yu karibu na kazi. Nikaelewa kwamba maaskofu wawili aliobaki nao mweusi ni malipo ya ile safu iliyoharibika. Nikaelewa pia hatari iliyopo: mweupe ana askari wanne kwa watatu upande wa mfalme, na kete zote zikibadilishwa, wale wanne watampatia malkia mpya, ilhali wangu upande wa pili, kwa jinsi walivyobanana, hawataweza kufanya hivyo. Kwa hiyo mwenye nyeusi hana budi kujua ni kitu gani anaweza kukiachilia mapema, na ni kitu gani asikiachilie kamwe.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenigusa. Tangu baba yetu afariki, mimi na kaka yangu mkubwa tumekuwa na mgogoro wa shamba la kahawa na migomba. Yeye ndiye aliyeanza: alipima mipaka na kuita kikao cha ukoo bila kunijulisha. Nami kila aliponigusa nilijibu kwa kumshambulia. Nilikuwa na hoja, na nyingi zilikuwa za kweli. Lakini kila simu ilikatwa kwa hasira, na mama yetu, anayeishi katika nyumba iliyo katikati ya shamba hilo, aliacha kabisa kuniuliza nitakuja lini nyumbani.

Usiku mmoja, ubao ukiwa bado mbele yangu, nilijiuliza swali la Mwalimu: maneno yale makali, niliyatoa kwa nini? Nikaona kwamba sikuwa nikimlinda mama. Nilikuwa nikilinda heshima yangu. Sikuweza kubadilisha jinsi kaka alivyoanza. Jibu tu ndilo lililokuwa langu.

Asubuhi nilimpigia simu. Nilimwambia kwamba sehemu ile ya kando ya barabara, tuliyoigombea zaidi, aichukue. Lakini nyumba ya mama na migomba inayoizunguka isiguswe na yeyote kati yetu maadamu mama yu hai, na hilo tuliandike mbele ya wazee. Alinyamaza kitambo kirefu. Anapokasirika huniita Padre; siku hiyo aliniita mdogo wangu. Hatujamaliza. Maandishi bado, na kipande kile kilikuwa kizuri, sitawadanganya kwamba hakiniumi. Ila wiki iliyopita mama aliniuliza nitakuja lini.

Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyeishi zama zile zile za Padre López, alipowafundisha watawa wake kusali alitumia mfano wa sataranji, akamfananisha malkia na unyenyekevu. Mimi ubaoni hubadilisha malkia mapema. Huyo wa Mtakatifu Teresa naomba nisimtoe.

Kwa Mwalimu bado nashindwa mara nyingi. Jumanne iliyopita tulitoka sare, akanipa mkono, akasema, "Leo hatua zilikuwa zako."

Nawatakieni nyote Dominika njema.