Mwalimu wa Mpira

Kazi nyingi humruhusu mtu kuificha siku yake mbaya. Mkulima wa kahawa wa Runyenjes akipogoa mti vibaya, jirani hajui mpaka msimu upite. Karani akikosea hesabu, hufuta akaandika upya. Lakini mwalimu wa mpira, ambaye siku hizi tumezoea kumwita kocha, hana pa kujificha. Siku yake mbaya huonwa na maelfu kwa wakati mmoja, na aghalabu kosa si la miguu yake, bali la miguu ya wengine. Yeye hapigi mpira, lakini hulipa deni la waliopiga.

Katika walimu hao wako wanaotoka mbali, Brazili na Argentina, wakaja kufanya kazi katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Hukaa hapa mwaka, pale miezi, kisha hufunga mizigo. Maisha yao nimeyafuata kwa hamu, kwa sababu nimelelewa na mtu wa namna hiyo. Baba yangu alikuwa mwashi. Mwiko na timazi vilimtembeza kutoka Embu mpaka Chuka, Nkubu na Meru, na hakupata kukaa mahali pamoja zaidi ya muda wa kumaliza nyumba. Nilipokuwa mtoto nilimhurumia. Leo nataka kupima kama huruma ile ilistahili.

Mtazame Roberto Oliveira wa Brazili, ajulikanaye kwa jina la Robertinho. Mwaka 2018 alifika Kigali kuifundisha Rayon Sports. Mwaka huo huo timu ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, jambo ambalo klabu ya Rwanda ilikuwa haijalifanya, na msimu uliofuata ikatwaa ubingwa wa nchi. Mwaka 2020 aliitwa Nairobi na Gor Mahia, klabu yenye wapenzi hata huku kwetu mlimani. Hapo hakudumu. Cheti chake hakikutimiza masharti ya Shirikisho la Mpira la Afrika, akaondoka kabla mbegu yake haijachipua.

Mwaka 2021 alivuka mpaka kwenda Uganda, kwa Vipers ya Kitende. Kule alitwaa ubingwa wa ligi wa 2021/22. Oktoba 2022 vijana wake waliitoa TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu iliyopata kuwa bingwa wa Afrika mara tano, kwa mikwaju ya penalti baada ya michezo miwili isiyokuwa na bao hata moja. Kwa ushindi huo Vipers iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza.

Januari 2023 Simba ya Dar es Salaam ilimchukua. Kura ilikuwa imekwisha kuziweka Simba na Vipers katika kundi moja. Basi mwezi wa Februari alirudi Kitende akiwa mgeni katika uwanja aliokuwa mwenyeji wake, akaketi kwenye benchi la pili, na Simba ikashinda bao moja kwa bila. Waliporudiana Dar es Salaam ikashinda tena bao moja kwa bila. Aliwashinda vijana ambao udhaifu wao aliujua kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiusahihisha. Wako watakaouita usaliti. Mimi siuiti hivyo. Fundi aliyejenga nyumba ya jirani yako hakuapa kutoijenga yako.

Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilicheza na Yanga, watani wake wa tangu zamani, ikafungwa mabao matano kwa moja. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa na kazi. Kufika robo fainali ya Afrika mwezi wa Aprili hakukumfaa kitu.

Sasa mgeuzie macho aliyeketi upande wa washindi siku ile: Miguel Gamondi wa Argentina, msafiri kama mwenzake, aliyekwisha kufundisha Afrika Kusini, Algeria na Moroko. Mabao matano yalimfanya shujaa wa mji. Msimu ulipokwisha Yanga ilikuwa na ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la nchi pia. Lakini Novemba 2024 ilifungwa na Azam, kisha na Tabora United, na kabla mwezi haujafika ukingoni Gamondi naye aliachishwa. Kati ya shangwe ile na barua ile ulipita mwaka mmoja na siku chache.

Hata hivyo safari haikukoma. Novemba 2025 alipewa kwa muda timu ya taifa ya Tanzania, akaiongoza katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Moroko, nchi aliyopata kuifanyia kazi zamani. Tanzania ilifungwa na Nigeria mabao mawili kwa moja, ikatoka sare na Uganda, kisha na Tunisia, ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilitolewa na wenyeji kwa bao moja tu, mwezi wa Januari 2026. Robertinho naye alikuwa amerudi Rayon Sports mwaka 2024. Wale waliomjua tangu mwanzo walimwita tena.

Hapo ndipo ninapomkumbuka baba. Mwenye nyumba mmoja alimfukuza kwa sababu mvua ya masika iliangusha ukuta ambao saruji yake ilikuwa haijakauka. Baba hakubishana. Aliosha vyombo vyake mtoni, akavifunga katika gunia, akashika njia ya Chuka. Nilimwuliza kwa nini hakujitetea. Alijibu kwamba mvua imekwisha kusema, na kwamba Chuka kuna watu wanaongoja nyumba. Nikipita njia hiyo leo naziona kuta zake. Wanaoishi ndani hawalijui jina lake, lakini hawanyeshewi.

Kwa hiyo, vijana, wengi wenu mtaihama milima hii. Mtafanya kazi kwa watu wasiowajua wazazi wenu, na baadhi yenu mtaondolewa kwa sababu ya siku moja iliyokwenda vibaya. Yakifika hayo, ulizeni maswali mawili. La kwanza: je, kosa lilikuwa langu? Likiwa lenu, lisahihisheni bila ya kulaumu vyombo, maana fundi mbaya hugombana na zana zake. La pili: je, nimeacha nini mikononi mwa wale niliowafundisha? Jibu la swali hili haliandikwi katika barua ya kuachishwa, wala mwajiri hana uwezo wa kulifuta.

Na mkiwa ninyi ndio mlioketi jukwaani, Kinoru au Embu mjini, mkaona timu yenu imefungwa, ngojeni kidogo kabla ya kupiga kelele za kumfukuza mwalimu. Mhesabieni na siku nyingine zote alizofika uwanjani asubuhi, ninyi mkiwa bado mmelala.