Tupu si Sifuri

Sisi tuliolelewa Busia tumezoea vitu viwili viwili: nchi mbili, shilingi mbili, laini mbili za simu mfukoni. Hata neno bodaboda, ambalo sasa linatumika kote Afrika Mashariki, husemekana lilianzia hapa, waendeshaji wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa hiyo nilipoombwa nivuke kwenda Tororo kusaidia kikundi cha akina mama wauza nafaka, safari yenyewe haikunitisha. Kilichonitia wasiwasi ni kazi.

Nasomea ualimu wa Kiswahili na Kompyuta. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2023, muhula wa tatu wa shule za Uganda ukikaribia kufunguliwa, na akina mama wale walitaka kutoa akiba zao walipe karo. Hesabu zao ziliwekwa katika kompyuta moja iliyofanywa seva, nyuma ya duka la mahindi. Programu yao iliandikwa kwa PHP, lugha iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf miaka ya 1990, nayo ilikuwa ikitumia toleo la 7.2, ambalo liliacha kupewa marekebisho ya usalama mwaka 2020. Fundi mmoja alikuwa amepandisha mfumo mzima hadi Ubuntu 22.04, unaokuja na PHP 8.1, kisha akaondoka bila kujaribu chochote.

Nieleze kidogo namna mambo haya yanavyofanya kazi. Mtu akifungua ukurasa kwenye kivinjari, ombi lake hupokelewa na Apache. Apache ni kama lango la mpaka: haikagui mizigo yenyewe, bali humpeleka msafiri kwa afisa anayehusika. Afisa wa faili za PHP ni moduli. Moduli ikisoma maagizo, inafuata takwimu katika hifadhidata, inatengeneza ukurasa, kisha Apache inamrudishia aliyeomba.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba afisa hakuwepo. Moduli ya zamani iliondolewa, mpya haikuwashwa. Badala ya salio la mwanachama, skrini ilionyesha maagizo ya programu yenyewe, mstari kwa mstari. Hili si jambo la kuchekea. Faili yenye nenosiri la hifadhidata nayo ingeweza kusomwa na yeyote aliyeijua anwani yake. Nilizima Apache kwanza, nikaweka moduli ya 8.1, nikaiwasha, ndipo nikafungua lango tena.

La pili lilikuwa ukurasa mweupe usio na hata neno. Hapo mtu hushawishika kubahatisha, abadilishe hiki na kile. Mimi nilifungua faili ya kumbukumbu za makosa, na mstari wa mwisho ulisema wazi kwamba kitendo cha kuunganisha na MySQL hakijulikani. Kiunganishi cha hifadhidata hakikuwa kimewekwa kwa toleo jipya. Nilikiweka, nikaanzisha Apache upya, majina ya wanachama yakatokea. Akina mama walipiga vigelegele.

Vigelegele havikudumu. Mhazini, mama wa makamo ambaye kila mtu humheshimu, aliingiza namba yake na mfumo ukamkatalia kutoa pesa kwa sababu ana deni.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sijawahi kukopa hata shilingi moja. Hili deni limetoka wapi?"

Wengine walijaribu, na jambo la ajabu likaonekana. Waliowahi kukopa na kumaliza kulipa waliruhusiwa. Wasiowahi kukopa kabisa ndio walioitwa wadeni. Safari hii faili ya makosa haikuwa na neno, kwa kuwa mashine haikuona kosa lolote.

Nilisoma programu hadi jioni. Safu ya deni iliwekwa kama maandishi. Aliyemaliza kulipa aliandikiwa 0. Asiyewahi kukopa aliachiwa nafasi tupu. Programu iliuliza swali moja: je, deni ni sawa na sifuri? Katika PHP 7, nafasi tupu ikilinganishwa na sifuri kwa alama mbili za usawa, jibu ni ndiyo. Kuanzia PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, jibu ni hapana.

Ningeweza kuongeza neno moja katika programu, tupu ihesabiwe kuwa sifuri kama zamani, kisha nikapande gari la kurudi Busia. Lakini nilimuuliza mhazini: nafasi tupu maana yake nini? Akajibu, "Hajakopa." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Au hatukuandika."

Basi tulitoa daftari la karatasi, tukapitia nafasi tupu zote, jina baada ya jina, kwa siku mbili. Karibu zote zilikuwa za watu wasiowahi kukopa. Mbili hazikuwa hivyo: mikopo yao iko daftarini, lakini haikuingizwa kamwe kwenye kompyuta. Toleo la zamani lingewaruhusu kuchukua akiba yote na kuondoka. Mhazini aliwaita faraghani, wakakiri, wakakubaliana walipe kidogo kidogo bila watoto kukosa karo. Ndipo nikabadilisha safu ile iwe ya namba, na kila nafasi ikajazwa kilicho kweli.

Mazungumzo yote haya yalikuwa kwa Kiswahili. Yeye ni Mjapadhola, mimi ni Msamia, na maelezo ya PHP niliyoyategemea yako kwa Kiingereza. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na wapo wanaouliza kitatumika wapi. Pale dukani kilitumika kutenganisha tupu na sifuri, na bila mhazini kulielewa swali langu, ile mikopo miwili ingebaki daftarini tu.

Kabla ya kuondoka niliwaandikia maelekezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili: nakili hifadhidata kwanza, jaribu toleo jipya kwenye kompyuta nyingine, soma faili ya makosa, kisha linganisha na daftari. Mhazini aliyabandika ukutani, juu ya mizani. Daftari nalo bado analijaza.