Maji ya Ingwe

Ingwe alipoanza kunywa maji ya karai nilidhani ni joto la Januari. Asubuhi nilimpata bafuni, miguu ya mbele imeingia majini, akilamba kama aliyetembea kutoka Turkana. Paka huyu hakuwahi kuwa mtu wa maji. Miaka 14 ameishi kwa omena, supu ya matumbo na chochote alichoweza kuiba kwa jirani.

Kisha akakonda. Ukimbeba, uti wa mgongo unaupitisha vidoleni kama rozari.

"Huyo ni mzee, baba," Mama akasema. "Mwache aende."

Mama si mkatili. Kwao Vihiga paka ana kazi moja, panya, na akizeeka anajipeleka kichakani mwenyewe. Hapa Umoja kichaka hakuna. Kuna ngazi, kamba za nguo na keyateka.

Nikamtia kwenye kiondo, tukapanda mathree. Alilia njia nzima. Makanga akauliza kama huyo abiria wa kiondo ana nauli, gari lote likacheka, na mimi nikalipa viti viwili ili yaishe. Kliniki yenyewe ilijaa mbwa wakubwa wenye shampuu. Daktari akamnyoa mguu kidogo, akachukua damu, akarudi na karatasi.

"Ni figo," akasema. "Paka huficha sana. Ukiona dalili, sehemu kubwa ya figo imeshaenda. Haiponi hii, lakini tunaweza kumpunguzia."

Sikusikia yaliyofuata vizuri. Niliomba arudie ile ya omena, kwamba ina fosforasi nyingi na figo haziwezi kuitoa, na nikaandika kwa simu ili nionekane nasikiliza.

Budaa alikufa kwa figo. Jumanne na Ijumaa, masaa manne kwa mashine, karibu miaka miwili. Dada yangu ndiye alimpeleka. Mimi nilikuwa na kazi. Hiyo kazi ilikuwepo kweli, sidanganyi, lakini nilienda mara moja tu, nikaona ile mipira miwili ya damu, mmoja unatoka mkononi mwake na mwingine unarudi, nikasema nashuka kununua maji. Nilirudi baada ya saa nzima. Kuanzia hapo nikawa mtu wa M-Pesa. Nilituma nauli, nilituma ya dawa, nilituma hata ya matunda. Nilikuwa mzuri sana wa kutuma.

Na Ingwe ni paka wake. Alimtoa chini ya meza ya mwuza nyama pale soko la Burma, akamleta ndani ya mfuko wa koti pamoja na kilo moja ya mifupa. Akamwita Ingwe, chui, kwa ajili ya AFC Leopards, timu iliyomtesa maisha yake yote.

Tiba ni maji ya dripu chini ya ngozi, mililita 100, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Daktari alinionyesha mara moja: shika ngozi ya katikati ya mabega, iinue kama hema, ingiza sindano mlangoni mwa hema. Rahisi. Usiku wa kwanza niliining'iniza ile mfuko kwa msumari wa pazia, nikaingiza sindano upande huu ikatokea upande ule, na maji yote yakaishia kwa suruali yangu. Mara ya pili mkono ulitetemeka nikaacha. Ilikuwa saa nne usiku. Nikampigia dada.

Nilidhani atanicheka. Kulikuwa kimya kwanza.

"Umepasha maji joto?" akauliza. "Yakiwa baridi yanauma. Budaa alikuwa anasikia baridi sana kwa mashine, nilikuwa nabeba leso mbili."

Sikujua hiyo ya leso.

"Halafu umwongeleshe. Usinyamaze. Yeye alikuwa anataka story ya '98 tu, vile Ingwe walichukua ligi. Masaa manne. Hata manesi walijua wafungaji."

Hiyo pia sikuijua. Tuliongea hadi bando ikaisha, na hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko lawama.

Siku hizi natumbukiza mfuko kwenye beseni ya maji moto kwanza. Sindano ikiingia vizuri, dakika chache tu, nundu inaota mgongoni kama ya ngamia, na kufikia asubuhi imeteremka hadi mguu wa mbele, anatembea kama bondia. Anakula tena kidogo. Kuku wa kuchemsha, bila chumvi. Daktari ameniambia wazi tunanunua muda, na muda wenyewe si mwingi. Hesabu ya pesa naifanya kila mwisho wa mwezi na sijamwonyesha mtu.

Jana Mama alikuja akakaa kwenye kochi bila kuitwa. Akamshika Ingwe kichwa kwa kiganja, kidole gumba katikati ya masikio.

"Unamwaga maji kwa kiti changu," akasema. "Ndiyo maana nashika."

Nikainua ngozi. Nikaanza story ya '98, ambayo naijua nusu tu, na Mama akawa ananirekebisha majina.

Mstari ulipofika 100 nikafunga. Ingwe akajitikisa, akaenda zake chini ya meza na nundu yake. Mama akapangusa kochi na leso.

"Kesho kutwa ni saa ngapi?" akauliza.