Mto wa Maji, Mto wa Kulalia

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusahihisha maandishi ya watoto wa watu. Nilifundisha Kiswahili na Jiografia katika skuli za sekondari hapa Unguja, na kalamu yangu nyekundu haikuwa na huruma nyingi. Leo nataka kuisahihisha kalamu hiyo, kwa ajili ya ramani moja ambayo sinayo tena.

Tulikuwa tukisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, kidato cha tatu. Wapenzi wa lugha wanaikumbuka nchi ile: haikukaa juu ya ardhi, ilielea angani, na wajumbe wake sita walitumwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini, wakarejea na mema waliyoyaona huko, na malipo yao yakawa kifungo. Kwa mwalimu wa masomo mawili kama mimi kitabu hicho kilikuwa tunu. Kipindi hiki nilieleza kesi ya Karama na hila za Majivuno; kipindi kijacho nilizichukua pande zile sita nikafundishia dira. Niliwaambia wanafunzi kuwa mabaharia wetu hawakuzijua pande za dunia kwa majina tu, bali walizijua kwa pepo zake: kaskazi na kusi, matlai na umande. Kisha nikawapa zoezi la vipindi viwili mfululizo, lifanywe pale pale darasani: chora ramani ya Kusadikika, onesha mipaka, dira na ufunguo. Alama ishirini.

Walichora kama nilivyotarajia, yaani wingu moja na mishale sita. Msichana mmoja aliyekuwa akitokea upande wa Mwera, mkimya, wa dawati la nyuma, alichora mto.

Hakuupa jina. Aliandika Mto, basi, kwa herufi kubwa. Ulianzia pembe ya chini ya karatasi, pale ambapo mtu angetarajia bahari, ukapanda kuelekea vilimani. Katikati ya karatasi ulikatika. Kwa upana wa vidole vitatu ukawa nukta nukta tu, kisha ukazuka tena mbele, mpana kuliko mwanzo. Kandokando yake palikuwa na miji minne, nao ufunguo wa ramani, ambao wenzake waliujaza kwa alama za barabara na misikiti, yeye aliutumia kusimulia. Mji wa kwanza ni Kusikika: wakaazi wake husikika wakiteka maji alfajiri, wala hawaonekani. Wa pili ni Kusahaulika, uliojengwa ng'ambo zote mbili bila ya daraja, na kila avukaye husahau alichokifuata. Wa tatu ni Kungojeka, uliopo pale penye nukta, juu ya ardhi kavu: watu wake hulaza masikio chini usiku wausikilize mto unavyopita chini ya vitanda vyao. Mji wa nne ulikuwa kitone cheusi mwisho wa mto, hauna jina, hauna maelezo.

Nilimsimamisha mbele ya wenzake. "Mto huu chanzo chake kiko wapi?" nikamuuliza.

"Ninaulalia, Maalim."

Darasa likaangua kicheko. Nikadhani ananifanyia stihizai, nikamtoa nje mpaka mwisho wa kipindi. Kwenye karatasi yake niliandika: Mto haupandi mlima. Mto haukatiki. Soma swali. Nikampa nne juu ya ishirini, na hizo nne ni za dira, maana dira yake ilikuwa safi.

Muhula uliofuata hakurudi. Niliambiwa wazee wake wamehama. Siwezi kudai kuwa ramani ndiyo iliyomtoa skuli. Wasichana wengi waliondoka miaka ile kwa sababu nyingine kabisa, na huko kungekuwa kujipa ukubwa nisiokuwa nao. Nasema tu kwamba maneno ya mwisho aliyoyapata kutoka kwangu ni yale matatu mekundu.

Nilisomea ualimu Beit el Ras, katika Chuo cha Nkrumah, mwendo mfupi tu kutoka hapa Bububu ninapoishi. Hakuna aliyenifundisha ukali ule pale, niliuzua mwenyewe. Na jibu la msichana yule nililielewa miaka mingi baadaye, nilipokwisha kustaafu, asubuhi moja mke wangu aliponiambia, "Nisaidie kuanika mito." Nikatoka uani na mito miwili mikononi, nikasimama pale juani kama mtu aliyesahau njia. Ninaulalia, Maalim. Alikuwa amenijibu. Nilimuuliza chanzo cha mto wake, naye akanitajia kile anachokilalia kichwani kila usiku, ambako ndiko ulikotoka ule ufalme wote. Kamusi huyatenga maneno haya mawili, mto huu na mto ule, kila moja na maana yake. Mtoto wa kidato cha tatu aliyaacha yakutane, na mwalimu wake wa Kiswahili hakusikia.

Tangu siku hiyo nimeirejea ramani ile kwa kumbukumbu mara nyingi, na kila nikirejea naona zaidi ya alichonikosea yeye ni kile nilichomkosea mimi. Tazama majina yake. Shaaban Robert alitumia kauli ya kutendeka kuziita nchi: Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, na Kufikirika, iliyochapishwa 1967 naye amekwisha kufariki. Sote tumefundisha kwamba hayo ni majina ya mafumbo. Lakini ujanja wake uko ndani ya sarufi. Ku- ya kitenzi-jina na ku- ya mahali zina upatanisho mmoja. Tukisema "Kusadikika kunapendeza," je, tunasifu tendo la kuaminiwa au tunasifu mahali fulani? Sentensi haisemi. Lugha yetu inaruhusu kitendo kiwe nchi bila ya kubadili hata herufi moja, na sijui kama kuna mwandishi mwingine aliyelitumia jambo hilo kwa utulivu kama yeye. Msichana yule alilinasa. Hakunakili nchi ya Shaaban. Alichukua ufunguo wa Shaaban akafungulia mlango mwingine. Kungojeka! Mji ambao kazi yake yote ni kungoja mto uzuke tena. Nimesahihisha insha za walimu zisizo na neno moja kama hilo.

Wala hakuwa ametoka mbali kuutafuta ufalme wa mto. Kisiwa chetu, ambacho wageni hukijua kwa bahari, kimejaa majina ya maji matamu. Tuna Mtoni. Tuna Chemchem. Tuna Kijitoupele, jina ambalo mshairi angeliogopa kulibuni. Tuna Mtopepo, na hapo nakuachia msomaji uchague: pepo za kuvuma, pepo ya watu wema, au pepo wa kupungwa? Ukiyapanga majina haya kwenye karatasi tupu na kumpa mgeni asiyejua Unguja, atasema umeota.

Na Bububu yenyewe. Wengi hapa watakwambia kuwa jina limetokana na mlio wa garimoshi lililokuwa likija kutoka mjini, reli ya Wamarekani iliyoanza kazi mwaka 1905. Ni hadithi tamu, lakini haisimami. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa katika Kasri ya Mtoni mwaka 1844, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake, kwani aliwahi kuwa na makaazi huku. Na kumbukumbu hizo zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya garimoshi kupiga mlio wake wa kwanza. Jina ni kongwe kuliko reli. Mimi naona wanaolihusisha na maji yanayobubujika wana hoja nzuri zaidi, maana chemchemi za upande wetu ndizo zilizonywesha mji tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyevuta maji yake mpaka mjini. Mji mzima wa Mawe ukinywa maji ya mahali panapotamkwa kama mtoto anayejifunza kusema: hilo nalo lingefaa kwenye ufunguo wa ramani ya yule msichana.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la lugha. Niliandika: Mto haukatiki. Na mimi ni mwalimu wa Jiografia! Nimefundisha Rufiji na matawi yake, nimefundisha Pangani, nimewachoresha watoto mito ya Ulaya ambayo mimi wala wao hatukutarajia kuiona. Lakini mto wa Mwera, ulioko saa moja kutoka kwenye ubao wangu, sikuwahi kuufuata mpaka mwisho. Nilikwenda baada ya kustaafu, kwa daladala na kisha kwa miguu, nikiwa na fimbo na aibu. Mto wa Mwera hauendi baharini kama mito ya vitabuni. Unatoka kwenye udongo mzuri, ukifika nchi ya maweni, ile ardhi ya matumbawe iliyotoboka toboka, unazama chini. Maji yanaingia ardhini, na juu pamebaki mawe na vichaka. Nikasimama pale na kukumbuka zile nukta. Mtoto alikuwa amechora mto anaoupita kila siku akija skuli, na nukta ndiyo alama hasa tunayoitumia wachora ramani kwa kitu kilicho chini ya ardhi. Katika ufalme wote ule wa ndoto, sehemu niliyoikata kwa wino mwekundu ndiyo sehemu ya kweli.

Wakati huo huo nilikuwa nikisoma, kwa kuchelewa, shairi la Mwingereza Coleridge liitwalo Kubla Khan. Nalo ni shairi la mfalme, kasri na mto, na mto huo unapita mapangoni na kuzama kwenye bahari isiyoona jua. Mwenyewe alieleza kuwa alilipata ndotoni mwaka 1797, akaamka akaanza kuliandika, kisha akaja mtu mwenye shughuli zake kumkatiza, na aliporudi kwenye karatasi mengi yaliyobaki yalikuwa yamempotea. Alilichapisha mwaka 1816 likiwa pande tu. Ndani yake yumo pia binti wa Kihabeshi anayepiga ala na kuimba. Kumbe hata ndoto ya mtu wa kijijini Uingereza haikuweza kukamilika bila ya kupitia Afrika ya Mashariki. Dunia nzima inamlaani yule mgeni aliyebisha hodi. Nililisoma jambo hilo nikafunga kitabu, kwa kuwa nilijijua mimi ni nani katika hadithi ile.

Mwaka jana, kabla ya mfungo, nilikuwa kituoni Bububu nikingoja gari ya mjini. Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye mkoba wa ukili na mtoto mkononi, akanisogelea.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, macho yamechoka."

Akanitajia jina lake na skuli. Sikuhitaji kutajiwa zaidi. Nilimwuliza hali, akasema ni mshonaji, ana watoto watatu, na huyu ni wa mwisho. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya makonda na abiria, kwa ile ramani. Alinitazama kama mtu anayesaidiwa kubeba mzigo ambao si wake.

"Ramani gani, Maalim?"

Nikaanza kumhadithia. Kusikika, nikasema. Akatabasamu kidogo. Kusahaulika. Akacheka, akasema jina hilo limemfaa. Nilipofika Kungojeka alinyamaza, akambadilisha mtoto mkono.

"Unaikumbuka kuliko mimi," akasema.

"Mji wa nne," nikamwambia, "ule wa mwisho wa mto, uliuita nani?"

Gari ilikuwa imekwisha kufika, na konda anapiga bati. Alipanda kwanza, akampakata mwanawe, kisha akainama dirishani.

"Sikuuita, Maalim. Kengele ililia."

Nimeichora upya kwa mkono wangu, na karatasi iko mbele yangu ninapoandika haya. Mto unapanda mlima. Nukta zipo mahali pake. Kile kitone nimekiacha hivyo hivyo, na nimempelekea nakala kwa kondakta wa gari ile, ambaye anasema anamjua.