Kasisi Aliyepita Nyumba kwa Nyumba



Juma hili nimemkumbuka Henry Whitehead, kasisi kijana wa Kianglikana aliyehudumu Soho, London. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini kazi yake naionea wivu.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Broad Street, kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alichunguza vifo hivyo, akaona vimeizunguka pampu moja ya maji. Tarehe 8 Septemba mpini wake ukaondolewa. Whitehead hakusadiki, kwani aliwajua watu waliokunywa maji hayo wakapona. Akapita nyumba kwa nyumba ili amkanushe daktari, akiuliza nani alikunywa na nani hakunywa. Walimfungulia milango, ndiye aliyekesha na wagonjwa wao.

Majibu yalimgeuza. Tena ni yeye aliyegundua chanzo: mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya wengine. Mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji machafu, hatua moja tu kutoka kisimani.

Hapo ndipo fikra zangu hukwama. Mama yule alitenda atendalo kila mama, na mwanawe alikwisha kufa. Kasisi akalazimika kumhoji habari za nepi. Kwetu, afisa wa afya ajaye na karatasi zake baada ya msiba huonekana hana adabu. Mimi humfungulia daftari la mazishi. Wapo waamini wanaonilaumu kwa hilo, nami naendelea kulifungua.